Chambo cha Maji Baridi

Usiku ule nililala na hasira. Nasema mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa nimeomba sana, au nilikuwa na moyo uliotulia wa kupokea mgeni wa namna ile. Wala! Nilijitupa kitandani nimenuna, ufunguo wa mlango wa mbele nimeuficha chini ya mto wa kulalia, kwa sababu jioni ile mama alikuwa ameninyooshea sweta mbele ya jiko na kusema, kwa furaha kabisa, "Sekela, tazama. Imebaki kola tu."

Ngoja nieleze habari ya hilo sweta, maana bila hiyo ndoto yangu haina kichwa wala miguu.

Kwetu ni huku juu, kwenye mashamba ya viazi na pareto, ambako baridi ya mwezi wa saba si ya mchezo. Asubuhi unakuta sakitu imelala juu ya majani, nyeupe pee, na maji ya kwenye ndoo yameshika ngozi ya barafu. Kwa hiyo wanawake wa huku wanafuma, na mama yangu anawapita wote. Baba alikuwa na sweta la kijani ambalo mama alimfumia kabla hata hawajaoana, na alilivaa mpaka viwiko vikatoboka, vikazibwa, vikatoboka tena. Masika iliyopita alikuwa anavuka daraja la magogo na gunia la viazi mgongoni, mto ukamchukua. Tulimkuta huko chini, amelala kwenye mchanga. Shati lipo, suruali ipo. Lile sweta halikuwepo. Mto ulimvua.

Tukamzika na suti yake ya harusi. Mama hakulia. Watu wakasema, huyu mama ana imani kubwa. Mimi nikasema moyoni, jamani, huyu mama hayuko sawa.

Halafu akaanza kwenda Shimoni. Shimoni ndipo tunapopaita pale mto unapotulia chini ya mwamba, maji meusi, hakuna aliyewahi kugusa chini yake. Anakaa pale kwenye jiwe, anatazama. Siku moja nikamfuata nikamwuliza anatazama nini. Akanijibu kwa sauti ya kawaida kabisa, ileile ya kuniuliza kama nimefunga kuku.

"Baba yako. Yuko pale chini. Anasikia baridi."

Siku ya soko akanunua uzi wa kijani na kuanza kufuma sweta jipya. Nikamwuliza, sasa mama, utampelekeaje? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Si nitashuka nimvalishe."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa nyumbani kwetu. Sweta likiisha, mama anashuka Shimoni.

Msiseme sikujaribu. Nilijaribu kila kitu, tena kwa kelele. Nilificha uzi, akanunua mwingine. Nilimleta shangazi Atupele, dada yake baba, akaja na wanakwaya wenzake wamevaa sare nyekundu, wakaimba mpaka mabati yakatetemeka, wakapika pilau. Mama akawashukuru, akaosha vyombo, akarudi kwenye sindano zake. Shangazi akamletea kitenge kinachong'aa, kingali na karatasi yake, akamwambia njoo ukae kwangu mjini, kuna umeme, kuna majirani wa kupiga nao soga. Mama akakikunja kitenge vizuri akakiweka kabatini. Nami siku moja uvumilivu ukaniisha, nikampigia ukelele usoni, "Mama, baba amekufa!"

"Najua," akasema. "Ndiyo maana anasikia baridi."

Jioni ile ya kola nilimnyang'anya sindano nikazitupa nyuma ya kabati, nikafunga mlango, nikabeba ufunguo, nikaenda kulala. Nikiwa kitandani nilimsikia anasukuma kabati polepole. Nilijiambia nitakaa macho mpaka kuche. Usingizi ukanipiga hapohapo.

Nikawa nimesimama mtoni.

Kulikuwa na mwanga lakini jua halikuwepo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka juu ya maji, na maji yalikuwa yanakwenda bila sauti, jambo ambalo mto wetu haujawahi kulifanya tangu nizaliwe. Nilijua niko Shimoni kwa sababu ya mwamba. Na juu ya mwamba alikuwa amekaa Babu.

Huyu ni Babu mzaa mama. Alifariki nikiwa bado nasoma, kitandani kwake, baada ya kula ugali wake na kulalamika kwamba mboga haina chumvi. Kazi yake maisha yake yote ilikuwa kupeleka wageni kuvua trauti, wale samaki wa madoa ambao wazungu waliwapandikiza zamani kwenye mito yetu ya baridi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuvua, mimi mtoto wa kike, watu wakacheka, akawaambia mshipi hauulizi nani kaushika. Vyambo vyake alivitengeneza mwenyewe: vijiko vya shaba vinavyozunguka majini, manyoya ya jogoo aliyoyafunga kwenye ndoana, na vidude vidogo vya sufu ya kondoo alivyovichemsha kwenye majani ya chai mpaka vikawa vyeusi. Vyote alivitunza kwenye kopo la biskuti.

Kopo lile lilikuwa mapajani mwake. Alikuwa amevaa koti lake la mvua, lile lenye kifungo kimoja, na miguuni alikuwa peku.

"Shikamoo, Babu."

Hakuitikia. Nikadhani hakusikia, nikarudia. Akaniangalia tu, kwa upole, kama mtu anayeangalia mvua dirishani. Ndipo nikakumbuka kwamba amekufa, na mwili ukanisisimka kuanzia visigino.

"Maji yakoje?" akasema.

Jamani, ilikuwa sauti yake. Na lilikuwa neno lake. Babu hakuwahi kufungua kopo kabla hujachovya mkono mtoni. Wageni walikuwa wanakuja na masanduku yao ya vyambo vya dukani, vinavyong'aa kama hereni, wanataka warushe papo hapo, naye anawazuia: kwanza chovya. Si vidole, kifundo cha mkono, pale mshipa unapopiga. Kwa sababu maji yakiwa ya vuguvugu samaki anakimbia, anafukuza, unaweza kumrushia hata kijiko cha chai akakipiga. Lakini maji yakiwa ya baridi damu yake inapoa. Analala chini kabisa, uso ameelekeza maji yanakotoka, na hakimbilii kitu. Ukipitisha kitu kikubwa, cha kung'aa, kwa kasi, anakiona vizuri sana na anakiacha kipite. Hana nguvu ya kukitaka. Mimi sikuwahi kulishika somo hilo. Kila mwaka, sakitu ikiwa mpaka kwenye kope, mkono wangu ulikwenda kwenye kijiko cha shaba kwa sababu kinapendeza. Babu alikuwa anacheka mpaka anakohoa. "Mke wangu," ananiambia, maana ndivyo babu zetu wanavyotutania, "wewe unavua macho yako, huvui samaki." Na jina aliloniita nikikasirika ni Moto wa Mabua, kwa jinsi ninavyowaka haraka.

Nikainama nikachovya kifundo cha mkono. Baridi ikapanda mpaka kwenye kiwiko, ikapanda mpaka begani, na mkono sikuusikia tena kuwa wangu.

"Ya baridi, Babu."

"Basi chagua."

Kopo liko wazi. Sikumwona akilifungua. Ndani, kijiko cha shaba kinameremeta peke yake pasipo jua, na mkono wangu, mkono uleule usiofundishika, unakwenda pale pale. Ninakifunga kwenye mshipi. Ninarusha. Maji hayatoi hata duara.

Na sasa naona chini. Maji ya Shimoni, ambayo hayaonyeshi kitu, yamekuwa wazi kama hewa, na chini kabisa, kwenye changarawe, amelala mama.

Amelala ubavu, uso ameelekeza maji yanakotoka. Macho yako wazi. Kanga yake inapepea taratibu ubavuni, upande huu, upande ule, na hiyo ndiyo inayomshikilia pale asichukuliwe. Midomo yake inafunguka na kufumba. Nataka kupiga kelele na mdomo wangu haufunguki, kwa hiyo navuta mshipi, kwa kasi, ili kijiko kimpitie usoni.

Kijiko kinazunguka. Kinapozunguka kinatoa sauti, na sauti ni yangu. *Mama, baba amekufa. Mama, baba amekufa.* Kinampita karibu na shavu kikimulika. Mama anakifuata kwa macho mpaka kinapotea. Hasogei hata kidole.

"Chagua," anasema Babu.

Ninachukua manyoya mekundu, makubwa, yale ya jogoo. Ninarusha. Yanapoingia majini yanaimba. Ni kwaya ya shangazi, sauti ya kwanza na ya pili, na besi ya mpiga kinanda, na nasikia kabisa mfuniko wa sufuria ya pilau ukigonga. Mama anaangalia. Yanapita. Anaangalia tena mbele.

Ninachukua kingine, kinachong'aa, kingali na karatasi. Hicho mama hata hakiangalii.

Ninageuka kumwambia Babu kwamba hivi vyambo vyake vimeharibika, kwamba kama ana cha maana akitoe, tusipoteze muda hapa mama yangu yuko chini ya maji! Hasira ile ile ya jioni imenifuata mpaka kule. Babu ameinua kidole kimoja. Haelekezi kwangu. Anaelekeza upande wa pili, chini ya mwamba, ambako maji yamebaki meusi.

Kutoka kule gizani kuna mshipi mwingine.

Mwembamba, hauna uzito, umenyooka kuelekea kwa mama. Mwishoni mwake kuna kitu kidogo cha kijani. Kinasogea kidogo, kinasimama. Kinakaa. Kinasogea tena, kidogo sana, kinasimama mbele ya pua yake. Kila kinaposimama, kanga ya mama inaacha kupepea. Na mama, ambaye hakusogea kwa shaba wala kwa kwaya, anainua kichwa.

"Babu. Nani anavua upande ule?"

Babu haondoi macho kwenye mshipi ule.

"Ni baba?"

"Baba yako nilimpokea mimi," anasema Babu. "Kwetu hakuna baridi. Mwambie mama yako."

"Sasa yule ni nani?"

"Usiulize jina lake. Tazama anavyovua." Akaangalia kule gizani. Halafu akasema, na ndiyo mara pekee sauti yake ilipotetemeka, "Hana haraka."

Nisingependa kukumbuka kilichofuata lakini nitakisema. Babu aliinama akatia mkono majini mpaka kwapani, na mkono haukulowa. Aliutoa na kile cha kijani kimelala kiganjani. Kilikuwa sweta, refu kama kidole gumba, limefumwa kwa mkono wa mama, nautambua ule mkono popote, lina mikono yote miwili, na viwiko vimezibwa. Lilikuwa halijafungwa shingoni. Pale ambapo kola ingekaa ilikuwa imetokeza ndoana, nyeusi, safi, imekunjwa vizuri.

"Nimekitoa mdomoni mwa mama yako," Babu akasema. "Kitarudi."

Na kweli, kiganja chake kikawa kitupu, na kule gizani mshipi ukanyooka tena.

Babu ananisogezea kopo. "Chagua."

Naangalia ndani. Hakuna kitu. Shaba imeisha, manyoya yameisha, hata vile vidude vyeusi vya sufu ambavyo sikuwahi kuvijali havipo. Ni bati tupu, na uso wangu mle ndani. Namwambia, "Babu, hakuna kitu." Anasema, "Chagua." Maji yamenifika magotini, na sikumbuki kuingia. Yamenifika kiunoni. Nina gauni la kulalia. Kila kitu nilichotaka kumwambia mama, makelele yote, maombi, vitisho, ahadi za mjini, nayatafuta mdomoni na mdomo umekufa ganzi. Meno yanagongana. Maji yanafika kifuani, na ile hasira, ambayo ndiyo imekuwa ikinishikilia tangu tumzike baba, inazimika. Fuu. Nabaki mimi tu, mtoto wa mtu, natetemeka. Na kitu pekee kinachotoka ni kidogo hata naona aibu kukisema.

"Babu, nasikia baridi."

Akafunga kopo. Ta.

"Hicho," akasema.

Niliamka nimekaa. Blanketi liko sakafuni, na upepo wa baridi unaingia chumbani moja kwa moja kutoka sebuleni. Nikatia mkono chini ya mto: ufunguo upo. Nikatoka mbio: mlango uko wazi. Ndipo nikakumbuka, loo, nilivyo mjinga! Baba naye alikuwa na ufunguo wake. Tuliukuta mfukoni mwa suruali yake, na mama ndiye aliyeuchukua. Kitanda cha mama kilikuwa kimetandikwa. Sindano zilikuwa mezani, zimelazwa sambamba, hazina uzi hata kidogo.

Sikuvaa viatu. Sikuchukua hata kanga ya kujifunika. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka, ule weupe usio na jua, na ukungu umeshuka, na nikiwa nakimbia kwenye sakitu nyayo zikiungua nilikuwa sijui kama nimeamka au bado. Kitu kimoja tu kilinihakikishia: mto ulikuwa na sauti. Nilishukuru Mungu kwa ile sauti.

Mama alikuwa amesimama majini, Shimoni, maji chini ya magoti. Mgongo kwangu. Sweta alikuwa amelibeba mikononi, amelikunjua, namna unavyoishika nguo ya mtoto anayetoka kuoga ili aingize kichwa. Lilikuwa limekwisha. Kola niliiona.

Nilifungua mdomo. Nina koo la kuita mtu kutoka mlima wa pili, muulizeni yeyote, na jina la mama lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikauma ulimi. Niliuma kwelikweli, nikasikia chumvi. Kwa sababu hatua moja mbele ya pale aliposimama hakuna changarawe tena, ni shimo, na mimi nilijua: nikiita, atakwenda mbele. Nikimrukia, tutakwenda wote.

Nikaingia majini kwa ubavuni, mbali kidogo naye, polepole, kama Babu alivyokuwa anaingia. Nikasimama.

"Usinishike," mama akasema. Hakugeuka.

"Sikushiki."

Akainama kidogo akiangalia kule chini ya mwamba. Nami nikaangalia. Siwezi kuapa. Maji yalikuwa meusi, na ndani ya weusi kitu cha kijani kilisogea kidogo, kikasimama. Mama akavuta pumzi ya mtu aliyeitwa jina. Akainua mguu.

Mwili wangu wote ulitaka kumrukia. Huwa sijui kungoja, huo ndio ukweli wangu, na kile kilichokuwa chini pale kilikuwa kinajua kungoja kuliko kitu chochote. Nilikuwa natetemeka mpaka maji yananizunguka kwa viduara. Sikuwa na hoja. Sikuwa na wimbo. Nilikuwa na gauni la kulalia, miguu ambayo sikuisikia tena, na lile jambo moja dogo, na halikuwa uongo.

"Mama," nikasema, chini chini. "Nasikia baridi."

Nikanyamaza.

Ee Mungu, kile kimya. Nilitaka kuongeza neno. Nilitaka kusema mama tafadhali, mama nakuomba, mama utaniacha na nani. Nikayameza yote. Mguu wake ulikuwa bado hewani juu ya maji, ukitiririka. Chini ya mwamba kile kitu kilisogea tena, kikasimama, kikangoja, nami nikangoja.

Mama akageuza kichwa.

Aliniangalia usoni kwanza, halafu akashuka macho, mabega, gauni, mpaka pale miguu yangu ilipoingia majini. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeamshwa kutoka mbali. Nikaona kwenye mdomo wake wa chini pana kidonda kidogo, kibichi. Pengine ni baridi, baridi ya huku inapasua midomo ya kila mtu.

"Umetoka peku?" akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na sakitu yote hii?" Sauti ikaanza kupanda, ikaanza kuwa yake. "Wewe Sekela, una akili kweli? Umetoka na kigauni hicho? Unataka kufa?"

Taya lilikuwa linagonga lenyewe.

Aliangalia maji. Aliniangalia mimi. Aliangalia sweta mikononi mwake, akaligeuza mbele na nyuma, kama mtu anayepima. Kisha akaweka mguu chini, upande wangu. Akaja.

"Inua mikono," akasema.

Nikainua. Akanivalisha. Kola ilikuwa nyembamba, ikanikwama masikioni, na kwa muda nilikuwa ndani ya giza la kijani linalonuka sufu mpya, sioni kitu, na nikaikumbuka ile ndoana. Halafu mama akavuta, kichwa kikatokea, na mbele yangu palikuwa na uso wake, karibu kabisa, na ukungu wa pumzi yake.

Nyuma yake maji yalipiga, paa! mara moja, kwa nguvu, kama samaki mkubwa aliyekosa. Yakatulia. Mama hakugeuka. Alikuwa anakunja mikono ya sweta, ambayo ilipita vidole vyangu.

Nilimshika kiwiko sasa, na akaniacha nimshike, tukatoka mpaka kwenye majani makavu. Ndipo nikampa salamu za Babu, nikiogopa kwamba nitasema vibaya.

"Mama, Babu alikuja usingizini. Baba yako. Anasema yeye ndiye aliyempokea baba. Anasema kwao hakuna baridi. Ameniambia nikwambie."

Akasimama. Nilidhani atabisha. Mama yangu ni mfumaji, na aliuliza swali la mfumaji.

"Alikuwa amevaa nini?"

"Lile koti la mvua. Lenye kifungo kimoja."

"Na miguuni?"

"Peku."

"Peku," akasema. "Na hakuwa anatetemeka?"

"Hata kidogo."

Mama akakaa chini pale pale kwenye sakitu, akaweka mikono kichwani, akamlilia baba. Alilia kwa sauti, kwa jina, yale maneno yote ambayo wanawake wenzake walikuwa wameyalia msibani na yeye akawa anawapitishia chai. Alilia mpaka majirani wakaanza kuonekana kwenye ukungu na taa zao na mablanketi, wakidhani kuna msiba mpya. Nikawapungia mkono wakae mbali kidogo. Sikumwambia anyamaze. Sikumwambia kitu chochote.

Jua lilipotoka tukapanda kwenda nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma yake nimeshikilia mikono ya sweta isishuke. Karibu na mlango akageuka akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akatikisa kichwa.

"Hilo halikukai," akasema kwa sauti iliyokauka. "Usilivue sasa hivi, pata moto kwanza. Kesho nitafumua mikono niipunguze."

Tangu masika sikuwa nimemsikia mama yangu akisema neno kesho.